Pima Flashi Kama Unavyopima Korosho

Mtu wa Chunyu, huku wilayani Ruangwa, hahitaji kufundishwa kupima. Akifikisha korosho zake chama cha msingi, anajua zitamwagwa na kushikwashikwa, zitaangaliwa kama zimekauka, mawe na mbovu zitachambuliwa, ndipo ziende mzanini na kupewa daraja. Wakati wote huo macho yake hayatoki kwenye mshale. Lakini mtu huyo huyo akishuka Ruangwa mjini au Nachingwea kununua flashi, anasoma maandishi makubwa ya kwenye kasha, anatoa hela, anatia kitu mfukoni na kuondoka. Mwongozo huu unataka kumrudisha mzanini, kwa sababu hela ya flashi yenye kasi ni ile ile iliyotoka kwenye korosho.

Hatua ya kwanza: tafuta mzigo kabla ya kununua gari

Wilaya zetu zimeshaona kasi isiyo na mzigo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa kimojawapo cha vituo vyake. Matrekta yakaja kwa pupa, udongo na mvua havikupimwa inavyostahili. Reli ikajengwa kupeleka karanga pwani, lakini karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Treni ilikuwepo, kilichokosekana ni cha kubeba.

Basi jiulize: flashi yako itabeba nini? Kama ni nyimbo za kuchomeka kwenye sabufa, fanya hesabu hii. Wimbo wa MP3 wenye ubora wa juu kabisa huhitaji kilobaiti 40 tu kwa sekunde. Flashi ya bei ndogo inayosoma megabaiti 15 kwa sekunde inaumudu zaidi ya mara 300. Ukinunua ya mwendokasi kwa kazi hiyo, ngoma haitalia vizuri zaidi wala wachezaji hawatazunguka upesi zaidi.

Hatua ya pili: soma kasha kama stakabadhi ya ghala

Kasha likisema "megabaiti 150 kwa sekunde", uliza: za kusoma au za kuandika? Kusoma ni kutoa kilichomo. Kuandika ni kuingiza kipya. Namba inayotangazwa mara nyingi ni ya kusoma, kwa kuwa ndiyo kubwa. Flashi inaweza kusoma megabaiti 150 na kuandika 20. Wewe unayesimama kaunta ya steshenari kusubiri mafaili yaingie, inayokuhusu ni ile ya kuandika.

Kisha tafuta neno "hadi". Ni dogo, ila limebeba magunia mengi. "Hadi 150" maana yake ni kwamba iliwahi kufika huko, siku njema, kwenye kompyuta njema.

Hatua ya tatu: chungulia tundu

Kasi ni ya wawili, flashi na tundu la kompyuta inamochomekwa. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000, na kwa matumizi ya kawaida hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. USB 3.0 ilitangazwa mwaka 2008, na tundu lake mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani. Flashi ya kasi ikichomekwa kwenye tundu la zamani hufanya kazi, lakini kwa mwendo wa tundu. Kama kompyuta unayoitegemea ina matundu ya zamani tu, ziada uliyolipa itakaa bure mpaka siku utakapobadilisha kompyuta.

Hatua ya nne: ipimwe ukiwepo

Omba kwa adabu, kama mwalimu huyu anayekaribishwa na muuzaji. "Shikamoo mwalimu, karibu." "Marahaba, mwanangu. Hebu ichomeke hiyo flashi tuipime kabla sijalipa." Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Beba faili moja kubwa, la gigabaiti tatu hivi, na ulinakili mbele ya macho yako. Usiangalie sekunde za kwanza. Flashi nyingi zina sehemu ndogo ya kupokelea data haraka. Ikijaa, mwendo unaporomoka. Nyingine hupata joto na kujipunguza zenyewe ili zisiungue. Angalia namba inayobaki mwishoni, kwa kuwa hiyo ndiyo utakayokaa nayo nyumbani.

Hatua ya tano: jihadhari na kangomba

Kangomba tunaijua: mnunuzi anakuja na kipimo chake mwenyewe, na mkulima anapunjwa. Flashi nazo zina kangomba yake. Unaiona imeandikwa terabaiti mbili kwa bei ya sahani chache za chipsi, na kompyuta nayo inasoma terabaiti mbili, maana flashi imefundishwa kusema uongo. Ndani kuna gigabaiti chache. Zikijaa, mafaili mapya yanafuta ya zamani au yanaingia kama majina matupu, na hutajua mpaka siku ya kuyafungua. Dawa ni kuijaza yote kisha kusoma kilichoingia. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya kazi hiyo.

Hata hivyo, usimgombeze muuzaji bure: flashi ya gigabaiti 64 kuonekana 59 na kitu si wizi. Kiwanda huhesabu kwa elfu moja, kompyuta huhesabu kwa 1,024.

Hatua ya sita: sasa pandisha mzani

Upande wa faida, mweke kijana anayerekodi harusi. Video zake za gigabaiti 32, kwenye flashi inayoandika megabaiti 8 kwa sekunde, zitachukua zaidi ya saa moja. Kwenye inayoandika 80, kwa tundu linalofaa, hazifiki dakika saba. Huku kwetu umeme unaweza kukatika katikati ya kunakili, faili likaharibika na kazi ikaanza upya. Kwake yeye kasi ni kinga, anunue bila kusita. Mwenye steshenari anayejazia watu filamu kutwa nzima, vivyo hivyo.

Upande wa hasara, weka bei. Weka joto. Weka pia mpangilio wa ndani: flashi kubwa za kisasa nyingi huja na exFAT, na sabufa nyingi hazijui kuisoma, zinataka FAT32, ambayo nayo haipokei faili moja la gigabaiti nne au zaidi. Mwalimu anayepeleka mtihani wa kurasa nne kuchapwa, faili lake ni la kilobaiti chache na litaingia kabla hajamaliza kuvuta kiti. Yeye hana cha kuikimbiza flashi.

Hatua ya saba: chenji inunulie nyingine

Kwa wengi wetu, basi, uamuzi ni huu: flashi mbili za kasi ya wastani zilizopimwa zikaonekana za kweli, kuliko moja ya mwendokasi. Flashi hushika data kwa chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya seli ndogo sana, na kila uandishi huzichosha seli hizo. Ya kasi hufa kama ya polepole, tena mara nyingi bila kuaga.

Na ndani yake hatuweki filamu peke yake. Tunaweka picha za mahafali, video ya arusi ya binti, sauti ya bibi akisimulia kwa Kimwera mambo ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Nakili mara mbili. Moja ikae kwako, nyingine mpelekee ndugu Nachingwea, umwambie asiifomati. Mkulima hali mbegu yote. Na hata ya kupanda, haiweki kwenye kihenge kimoja.