Breki ya Mbele? Ya Nini, Mzee?

Ukitaka kujua watu wa Ikwiriri wanakuonaje, peleka pikipiki kwa fundi useme unataka kufungiwa breki ya mbele. Redio yenye spika mbili, sawa. Taa za rangi chini ya tangi, karibu sana. Ila breki, tena ya mbele! Kijiwe kizima kitanyamaza, halafu mmoja atakuuliza kwa upole, kama anazungumza na mgonjwa: "Ya nini, mzee wangu?"

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125, ile waliyoitoa Wajapani mwaka 1976 kwa ajili ya nchi za watu wanaosahau kubadilisha oili. Ilikuwa ya bwana shamba, ikivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Baada yake kila mmiliki aling'oa kitu. Wa mwisho alibeba shuu, waya na kifuniko cha habu kinachobeba shuu hizo, akaziba pengo kwenye ekseli kwa kipande cha bomba la maji. Mkono wa breki aliuacha. Nadhani aliona unafaa kutundikia mfuko wa nyanya.

Imani ya hapa ni kwamba breki ya mbele inaua. Kwenye mchanga wa vitongojini nawapa haki yao: ukibana mbele, unalala chini. Lakini Barabara ya Kilwa ni lami, na malori ya Lindi na Mtwara hayaji kukusalimia. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Tairi la nyuma linabaki jepesi, linaserereka, nawe unaelekea ubavuni mwa lori kiupandeupande. Waeleze hivyo kijiweni. Watakujibu kuna mtu Kibiti alibana ya mbele akafa. Jina lake hawalijui.

Haya, spea. Muuza duka aliniapia: "Hii inaingia zote." Bunge lingepiga marufuku maneno hayo, tungepona wengi. Nusu yake ni kweli, maana pikipiki nyingi za Kichina zimenakili injini ya CG, na hata kifuniko nilicholetewa kilifanana na cha asili kwa sura, kipenyo na tundu la ekseli. Kasoro moja tu: ule mfereji unaotakiwa kuingia kwenye nundu ya shokapu ulikuwa mwembamba. Fundi akasema si kitu, akanyoosha mkono kuchukua waya wa kufungia nondo.

Nilipiga kelele mpaka muuza mihogo akasimama. Nundu ile ndiyo kila kitu! Shuu zikibana dramu, kifuniko nacho kinataka kuzunguka pamoja na tairi. Kisiposhikwa, kinazunguka kweli, kinajiviringishia waya wa breki, tairi linagoma ghafla, na hapo ndipo utakaporuka usukani na kijiwe kipate ushahidi wake.

Aliyetuokoa ni seremala wa jirani. Mji huu umejaa maseremala wa vitanda vya mninga kando ya barabara, na huyu alikuwa na tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno. Aluminiamu haina ubavu mbele ya tupa ile. Akasugua, akajaribisha, akasugua tena, huku akinitajia bei ya kitanda ambacho sikuwa nimeulizia. Kifuniko kikaingia, kikakaa, hakichezi.

Fundi akapaka grisi kwenye kemu inayotanua shuu, vizuri, kisha akataka kuzipaka na shuu zenyewe, ati zisipige kelele. Nikamnyang'anya kopo. Halafu nikamwomba asikaze nati ya ekseli kwanza: tairi lizungushwe, breki ibanwe kwa nguvu, ndipo nati ikazwe breki ikiwa bado imebanwa, ili shuu zijipange katikati ya dramu. Alinitii kama wanavyotiiwa wazee, yaani kwa kuguna.

Inashika. Masika ikiingia maji, itasinzia mpaka uiburuze kidogo ikauke, lakini inashika.

Jana mpwa wangu aliiazima kwenda Kibiti. Amerudi salama, tena ameijaza mafuta, jambo ambalo lingetosha kunitia shaka. Akanikabidhi nati ya kurekebishia waya, ameifunga vizuri kwenye kipande cha gazeti.

"Mjomba, ile breki yako ya mbele ilikuwa inakamata. Nimekulegezea."