Barua ya Wazi kwa Kamati ya Usajili: Chukueni Vijana Wetu, Tuleteeni Jina

Nyandira, Mgeta,
Milima ya Uluguru,
MOROGORO.

Mwenyekiti,
Kamati ya Usajili,
Klabu Yetu Pendwa,
DAR ES SALAAM.

YAH: PONGEZI KWA KUTOA VIJANA WATANO ILI TUMPATE MSHAMBULIAJI MMOJA MWENYE JINA

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la klabu silitaji. Nimeisoma barua hii kwa jicho la Msimbazi, nikaisoma tena kwa jicho la Jangwani, nikaona haibadiliki hata neno. Atakayedhani ameandikiwa yeye, hajakosea.

Sisi mashabiki wa Nyandira, Langali na Tchenzema tumeupokea usajili huu kwa vifijo. Tuliusubiri utambulisho mpaka saa sita usiku, watu wazima wenye kabichi za kupakia alfajiri, tumeizunguka simu moja yenye chaji. Picha ilipotoka tukamwona mchezaji amevaa miwani ya jua usiku ule ule. Hapo hakuna aliyeuliza tena maswali ya kiufundi.

Wasifu wake nao umetutosha. Ana miaka 27, na wanaomfuatilia wanasema amekuwa nayo kwa misimu kadhaa, jambo linaloonyesha kuwa ni mtu mwenye msimamo. Amechezea nchi nyingi, na kila klabu ilimwachia kwa moyo mweupe bila kudai senti, isipokuwa hii ya mwisho, ya humu humu ligini, iliyotaka fedha na vijana wetu wawili juu yake. Mabao yake tumeyaona kwenye video ya dakika tatu yenye muziki mzuri sana, ingawa mabeki waliomo wanaonekana kama watu wanaosubiri daladala.

Ili mshahara wake upatikane, vijana wengine watatu wa timu B mmewatoa kwa mkopo Ligi ya Championship. Jumla watano. Tunaelewa. Vijana wana kawaida ya kula sana na kuuliza lini watacheza.

Lakini, Mwenyekiti, shabiki ni mtu wa wasiwasi, na wangu naomba uusikilize kabla kamati haijaenda semina.

Nakubali kwamba kijana wa miaka 19 hajulikani atafika wapi. Kwa kila mmoja anayefika, wapo wengi wanaoishia ligi ya mkoa, na shabiki anayedai kila chipukizi ni Samatta anajidanganya. Yule mwenye jina, kwa upande wake, anajulikana vizuri. Kinachoninyima usingizi ni hicho hicho, kwamba anajulikana vizuri.

Biashara ya namna hii hamkuianza ninyi, kwa hiyo msione haya. Marekani kuna mchezo unaoitwa besiboli, na huko kubadilishana vijana na mkongwe ni jambo la kila msimu. Tarehe 12 Agosti 1987 klabu ya Detroit Tigers, ikiwa inanusa ubingwa, ilimchukua mrushaji Doyle Alexander mwenye miaka 36 kutoka Atlanta Braves. Ikamtoa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz, mzaliwa wa jimbo lile lile la Michigan. Mzee hakuwaangusha: kwa wiki zilizobaki alishinda michezo 9, hakupoteza hata mmoja, na Tigers wakaongoza kundi lao. Kamati yao ya usajili lazima ilitembea kifua mbele. Kisha wakatolewa na Minnesota kwenye mtoano, na baada ya msimu wa 1989 Alexander akastaafu. Smoltz alibaki Atlanta miaka 20, akatwaa ubingwa wa 1995, na mwaka 2015 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Tena wale mzee wao walimwona akishinda. Ninyi wenu mnamsubiri apone nyama za paja.

Sasa tuje nyumbani, ambako kuna mfano mbaya unaopaswa kuzuiwa usijirudie. Mwaka 2010 Simba ilimchukua kijana kutoka African Lyon aitwaye Mbwana Samatta, hajatimiza hata miaka 18. Badala ya kumpa koni za mazoezi abebe, walimpanga. Mwaka uliofuata wakakutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, kijana akawafunga, na Mazembe wakamnunua. Tazama uharibifu uliofuata: ubingwa wa Afrika mwaka 2015, tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya bara, ubingwa wa Ubelgiji na Genk, kisha Januari 2020 Aston Villa kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 8.5. Haya yote yasingetokea kama siku ile pangekuwa na mshambuliaji mwenye jina wa kumziba.

Kuna pia usumbufu wa FIFA. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Maana yake kijana aliyepitia kwenu anaweza kuwaletea fedha miaka mingi baada ya kuondoka, bila ninyi kusajili mtu wala kumpokea mtu uwanja wa ndege. Naelewa kwa nini kamati haipendi fedha za aina hiyo. Haziji na picha.

Nisieleweke kwamba nawachukia wageni. Kanuni imewaruhusu kusajili wageni 12, na wamefanya kazi. Tangu msimu wa 2022/23 hadi 2024/25, mfungaji bora wa Ligi Kuu hakuwa Mtanzania hata mara moja: Fiston Mayele na Saidi Ntibazonkiza walilingana kwa mabao 17, Stephane Aziz Ki akafunga 21, Jean Charles Ahoua akafunga 16. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba mwaka 2025. Huku milimani tulishangilia mpaka ng'ombe wakakata kamba, na hakuna aliyeuliza pasipoti ya mfungaji.

Ila Agosti 2025 tuliandaa CHAN, michuano ambayo timu ya taifa huundwa na wazawa wanaocheza ligi ya nyumbani tu. Wageni wetu wote wakakaa pembeni. Taifa Stars ikafika robo fainali, na mmoja wa waliotubeba alikuwa Clement Mzize, kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga, akaachwa acheze mpaka akazoea. Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Siku hiyo mtu wa kufunga bao hatasajiliwa dirisha dogo.

Mkoa wetu unalijua suala hili kwa maumivu. Mtibwa Sugar ya Turiani ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000. Ndiyo iliyomlea Dickson Job, ambaye mwaka 2017 alikuwa na timu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, kule Gabon, na ndiyo iliyomlea Kibwana Shomari, kabla wote wawili hawajahamia Yanga. Kwa wale vijana lilikuwa jambo jema, maana walikokwenda walicheza. Mlezi mwenyewe alishuka daraja mwaka 2024, akasota msimu mzima, ndipo akapanda tena. Tunaomba tu kwamba wanaochukua watoto wa watu wakumbuke kuwa walilelewa na mtu.

Wewe ni mtu wa mjini, Mwenyekiti, kwa hiyo nikueleze tulivyoshughulika na wageni wetu huku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walituletea mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway. Beberu la Kizungu lilipofika, wazee walilitazama, wakalisifia kwato, kisha wakaliweka pamoja na majike yetu ya kienyeji. Vitoto vilivyozaliwa tukavitunza. Leo maziwa ya mbuzi Mgeta yanatoka kwa wajukuu na vitukuu vya lile beberu, na lenyewe lilishakufa siku nyingi. Hakuna mzee aliyependekeza tuuze vitoto ili tulinunulie beberu miwani.

Kwa kuwa kamati hupenda barua yenye mapendekezo, naambatanisha haya:

(a) Kila mgeni anapotambulishwa, atambulishwe pia kijana wa nafasi ile ile atakayekuwa akiingia kipindi cha pili. Kijana hakomai kwa kusifiwa mazoezini. Anakomazwa na dakika za mechi, zikiwemo zile anazoharibu.

(b) Kijana akitolewa kwa mkopo, mjumbe mmoja wa kamati aende kumtazama. Uwanja wa Jamhuri Morogoro upo karibu na lami, hatuwalazimishi mpande milima.

(c) Kijana akitumika kama nyongeza kwenye dili, mkataba ueleze asilimia mtakayopata akiuzwa tena. Hili halihitaji semina Zanzibar, linahitaji kalamu.

(d) Timu B nao watengenezewe video ya dakika tatu. Muziki tutachangia wenyewe.

(e) Kabla ya kumsaini mwenye jina, kamati itaje kwa maandishi ni kitu gani anaweza ambacho hakuna kijana wetu anayeweza akipewa mechi kumi mfululizo. Kikikosekana, fedha zirudi kwa mweka hazina na kijana apewe jezi.

Kama yote haya hayawezekani, basi tunaomba angalau vijana wetu watano mnaowatoa msimu ujao wawe wa pande zote za nchi. Morogoro imechangia vya kutosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Shabiki wa jukwaa la mzunguko,
Nyandira, Mgeta.

Nakala:
1. Kocha Mkuu (yeyote atakayekuwepo barua ikifika).
2. Daktari wa timu, kwa hatua zake juu ya nyama za paja.
3. Vijana wa timu B, popote walipo. Msiisahau namba ya simu ya nyumbani. Dirisha dogo likifunguliwa na mwenye jina akiwa bado majeruhi, mtatafutwa.