Barua Inayomfungia Nje Mwandishi Wake

Miongoni mwa programu za barua pepe zinazoendeshwa kwa maandishi matupu, bila picha wala vitufe vya kubofya, Mutt, iliyoandikwa na Michael Elkins mwaka 1995, ina wafuasi wachache wenye imani isiyotikisika, na sehemu ya imani hiyo hutokana na ukweli kwamba aliyefanikiwa kuisanidi, yaani kuipangia namna ya kufanya kazi, huwa hana tena nguvu za kujifunza programu nyingine. Usanidi hufanyika katika faili la maandishi liitwalo .muttrc, ambalo kwa kuwa jina lake huanza na nukta halionekani katika orodha ya kawaida ya mafaili, hivyo kazi ya kwanza ya mtu anayetaka kuficha barua zake ni kutafuta faili alilofichwa na kompyuta yake.

Mutt haifungi barua yenyewe, bali huiagiza GnuPG, ambayo Mjerumani Werner Koch alitoa toleo lake la 1.0 mwaka 1999 kwa kufuata njia iliyofunguliwa na PGP ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991. Kila mtumiaji hutengeneza jozi ya funguo: ufunguo wa umma, ambao hugawiwa watu kama kufuli lililo wazi ambalo yeyote aweza kulibana, na ufunguo wa siri, ambao ndio pekee unaolifungua na ambao nao hulindwa kwa nywila. Kusimba barua ni kuigeuza kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji ili asiisome mwingine. Kuitia saini ni kuthibitisha, kwa ufunguo wa siri wa mtumaji, kwamba imetoka kwake na haikuguswa njiani. Serikali ya Marekani ilimchunguza Zimmermann hadi mwaka 1996 kwa shaka ya kusafirisha silaha nje ya nchi bila kibali, na waliowahi kuisanidi silaha hiyo wanajua kwamba mara nyingi humlenga aliyeishika.

Mushkili huanzia kwenye nywila, kwa sababu GnuPG nayo haiiulizi yenyewe bali humtuma msaidizi aitwaye pinentry, ambaye asipoambiwa skrini ya kujitokezea hurudisha malalamiko kwamba kifaa hakifai kwa shughuli hiyo, bila kutaja ni kifaa gani wala ni shughuli gani. Dawa ni mstari mmoja wa kuitaja GPG_TTY katika faili la maandalizi la terminali, lakini anayeiendesha kompyuta ya nyumbani akiwa mbali huenda akasubiri ombi la nywila kwa muda mrefu, kumbe limejitokeza kwenye skrini ya nyumbani, mbele ya viti vitupu.

Nywila ikishakubaliwa hufuata balaa lenye heshima zaidi. Barua iliyosimbwa kwa ufunguo wa mpokeaji peke yake haisomeki kwa mtumaji pia, kwa hiyo nakala iliyohifadhiwa katika folda ya barua zilizotumwa hubaki kuwa msitu wa herufi, na mwandishi hulazimika kumwomba mpokeaji amkumbushe aliandikiwa nini. Agizo la pgp_self_encrypt liliwekwa ili kuzuia fedheha hiyo, ila halina la kufanya mpaka ufunguo wa mwenyewe utajwe katika pgp_default_key. Wakati huohuo kichwa cha barua, kwa utaratibu wa asili wa PGP, hakisimbwi kabisa, na mhazini aliyeandika hapo kwamba fedha za chama zimepungua, kisha akafunga kwa uangalifu mwili wa barua wenye salamu tu, ameilinda salamu ipasavyo.

Saini nayo ina masaibu yake. Aliyewasha crypt_autosign huambatanisha kwenye kila barua faili dogo liitwalo signature.asc, na mjomba asiyelifahamu humjibu mpwawe kwamba barua imefika ikiwa na kirusi na ameifuta upesi. Mpwa humwandikia kumtuliza, na barua ya kumtuliza hufika na kiambatisho kilekile.

Si haki kuyatupia maandishi matupu lawama zote. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar waliwajaribu watu 12 kwa PGP 5.0, iliyokuwa na picha na vitufe, wakawapa dakika 90, na ni theluthi moja tu waliofaulu kutia saini na kusimba barua sawasawa, huku 3 wakituma siri ikiwa wazi. Hisabati iliyomo haikuwa na kasoro; kasoro ilikuwa kudhani kwamba mtu anayetaka faragha anataka pia kusomea ufundi wa makufuli.

Hata aliyehitimu ufundi huo hasalimiki siku ya kuhamia kompyuta mpya, kwa kuwa funguo zilizohamishwa haziendi na kumbukumbu ya nani anaaminiwa, na GnuPG ikiikagua saini ya mwenyewe huonya kwamba hakuna dalili kuwa ni ya mwenye ufunguo. Hapo humbidi aufungue ufunguo wake kwa ajili ya kuuhariri, aulizwe kwa ngazi za namba anajiamini kiasi gani, achague 5, ambayo ni imani ya juu kabisa, kisha aulizwe tena kama kweli ana hakika.