Hongera kwa Kosa Lisilojua Kubembeleza

Siku hizi hakuna kitu kinachokosa wa kukisifu. Simu inamwagiwa sifa kabla haijafika dukani, sabuni inaimbiwa redioni, na mheshimiwa anapigiwa makofi kwa kuzindua kisima ambacho mtangulizi wake alishakizindua. Katika shangwe zote hizo yuko mmoja ambaye sijawahi kusikia akitajwa kwa wema. Leo namtaja, na mwenye kununa anune. Ni yule anayekutokea unapowasha kompyuta ya Linux, chai iko pembeni, kazi inasubiriwa, na badala ya ile picha yako ya ufukweni unapewa hii:

error: unknown filesystem.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Basi. Maandishi meupe, giza nyuma yake, na kialama kinachopepesa kikisubiri useme neno.

Tazameni kwanza adabu yake. Hajitetei wala habembelezi. Windows ikianguka, tangu toleo la 8, hukuchorea kiuso chenye huzuni na kukwambia kwamba imepatwa na tatizo, jambo ambalo ulikwishaliona mwenyewe. Simu ikikwama huzungusha kiduara mpaka betri iishe. Huyu wetu, GRUB, hana kiduara. Anasema mfumo wa faili uliopo hapa siutambui, anaweka nukta, ananyamaza. Kwa sisi tuliozoea kuambiwa "njoo kesho" katika kila dirisha la ofisi, kupata jibu la moja kwa moja kabla hata ya saa mbili asubuhi ni neema.

Watu humdharau kwa uchache wa maneno bila kujua alikolelewa. Kwenye diski za mtindo wa zamani, butiloda, yaani kijiprogramu kinachoamka kabla ya mfumo wowote ili kiuamshe, hupewa sekta ya kwanza tu: baiti 512. Humo, 64 ni za jedwali la patisheni, 2 ni za muhuri wa mwisho, zinabaki 446 za kufanyia kazi. Aya hii unayoisoma haienei humo. Katika baiti hizo 446 GRUB anatakiwa aiombe BIOS, programu ya msingi ya mashine, isome diski, aitafute nusu yake ya pili, na akishindwa awe bado na nafasi ya kutamka kilichomshinda. Na hiyo nusu ya pili inalala wapi? Katika uwazi ulio kati ya sekta ya kwanza na patisheni ya kwanza, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la sekta 62, kama kilobaiti 31 hivi, lisiloandikwa kwa jina la mtu kwenye jedwali lolote. Anaishi pale kama mpangaji wa kwenye hifadhi ya barabara: hana hati, hana mkataba, na siku programu nyingine ikipita ikaamua kuandika mambo yake hapo, nyumba imekwenda. Halafu tunashangaa asubuhi moja akiamka hajui alipo!

Ukoo wake nao si haba. Kabla yake alikuwepo LILO, kazi ya Werner Almesberger, aliyezitawala kompyuta za Linux miaka ya 1990. LILO alikuwa akiandika jina lake herufi moja moja kadiri kazi inavyosonga, na akifa, alifia katikati ya jina. Ukiona L peke yake, ujue sehemu ya kwanza imepanda lakini ya pili haikusomeka. Ukiona LI, ya pili imesomwa ila imekataa kuendeshwa. LIL, ameshindwa kusoma jedwali la maelezo kutoka kwenye faili ya ramani. Jina likitimia, mambo ni shwari. Nani mwingine katika historia ya mashine aliyetoa ripoti ya daktari kwa herufi tatu, tena huku akikata roho?

GRUB mwenyewe aliandikwa mwaka 1995 na Erich Boleyn, aliyekuwa akitafuta namna ya kuwasha Hurd, mfumo wa mradi wa GNU, na mwaka 1999 mradi huo ukamchukua awe wake. Hurd mpaka leo ina watumiaji wa kuhesabika. Aliyetumwa kuifungulia mlango ndiye aliyepata umaarufu, na hilo peke yake lingetosha kumtungia utenzi. GRUB wa awali alizungumza kwa namba. 15, faili haipo. 17, patisheni ipo ila haipandiki. 21, diski uliyoitaja haipo. 22, patisheni haipo. Wakongwe wa Linux wanazijua namba hizi kwa moyo hata leo, na ukimwambia mmoja wao "nimepata 17" atakuuliza papo hapo ni nani aliyegusa patisheni zako jana. Ninayoipenda kuliko zote ni 18: silinda unayoitaka iko mbali kuliko BIOS inakoweza kufika. Udhaifu ni wa BIOS, lakini anayesimama mbele ya watu kuutangaza, na kutukanwa kwa ajili yake, ni GRUB.

Toleo la pili liliacha namba likaanza kusema maneno, na hapo ndipo ukarimu wake ulipoonekana. Chombo kingine kikikukatalia kimekukataa. GRUB akishindwa kuingia ndani anakaa nawe nje, anakupa kibodi na kusikiliza. Msamiati wake katika hali hiyo hauzidi vidole vya mkono mmoja: ls, set, unset, insmod. Andika ls, naye atakutajia alivyo navyo: (hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos1). Mwulize ls (hd0,msdos1)/ na atakujibu error: unknown filesystem, bila kuongeza neno. Mwulize ls (hd0,msdos5)/ na mara unaona lost+found/ home/ etc/ boot/ zikijipanga mbele yako. Faili zako zote zipo! Alichopoteza ni njia tu ya kufika kwenye kabati lake la vifaa, nawe unamwonyesha:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu inajitokeza, na kompyuta inawaka kana kwamba haikuwa na neno na mtu. Zingatia kwamba diski zinahesabiwa kuanzia 0 na patisheni kuanzia 1. Katika toleo la zamani zote zilianzia 0. Anayeuliza kwa nini hawakuchagua jambo moja haelewi kwamba elimu bila mtego hailali kichwani.

Kwa adabu ya uandishi pia hana mpinzani. Hakukamilishii neno kwa Tab, hakurudishii amri uliyoandika mwanzo, hakusahihishii herufi. Vijana wanaoandika kwa kukisia, wakiiachia simu iwamalizie sentensi, wapelekwe hapo wiki moja. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wamepewa hata darasa la ziada, kwani GRUB huamini kwamba dunia nzima inatumia kibodi ya Kimarekani. Mwenye kibodi ya Kifaransa akitaka kuandika insmod normal, herufi m ataipata kwa kubonyeza alama ya mkato, na a ataipata kwa kubonyeza q. Mabano yamehamia kwenye 9 na 0. Akifanikiwa kuandika mstari ule wa prefix bila kukosea, apewe cheti.

Wanaomlaumu hawaulizi nani alimfikisha hapo. Mtu amenunua laptopu iliyokwishatumika Ulaya, akaweka Ubuntu kando ya Windows, mambo yakaenda vizuri. Siku Windows ikajisasisha, ikapangua patisheni pasipo kubisha hodi. Au mtu kapunguza patisheni moja apate nafasi ya filamu, namba zikahama, na prefix iliyokuwa inaelekea kwenye 5 sasa inaelekea hewani. Au flashi imesahaulika kwenye tundu, BIOS ikaanza nayo. Au umeme ulikatika katikati ya kusasisha, na kerneli mpya ikabaki nusu. Katika yote hayo GRUB hakutenda kosa hata moja. Aliambiwa tu atoe taarifa ya msiba wa watu wengine.

Julai 2020, baada ya kugunduliwa tundu la usalama lililopewa jina BootHole, viraka vilisambazwa haraka, na kompyuta kadhaa zikaamka zikisema symbol 'grub_calloc' not found. Sababu yake inafaa kuelezwa taratibu, maana ni ya kila siku. Moduli ndani ya /boot/grub zilikuwa mpya, lakini ile nusu inayolala mwanzoni mwa diski ilikuwa ya zamani, kwa kuwa usasishaji uliiandika kwenye diski nyingine ambayo mashine haiwakii. Moduli mpya ikaomba kitu ambacho mzee wa mlangoni hajawahi kukisikia. Mwingine angejifanya anakijua, akaendelea mbele na kuharibu. Yeye alisema sina, na akasimama. Agosti 2024 ilikuwa zamu ya sasisho la Windows kukataa shim za zamani, yaani kile kijiprogramu kinachomtangulia GRUB kwenye mashine zenye ukaguzi wa Secure Boot. Kompyuta zenye mifumo miwili zikazimika baada ya kuandika Something has gone seriously wrong, kwamba jambo limeharibika vibaya mno. Binafsi nilisikitika. Baada ya miaka yote ya ukavu ule mtukufu, mtu fulani kaingiza hisia.

Maadui zake hawakosi kumkumbusha habari ya 2015. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Valencia, Hector Marco na Ismael Ripoll, waligundua kwamba GRUB aliyewekewa nenosiri, akikuuliza jina la mtumiaji, ukabonyeza kitufe cha kufutia mara 28, alikuingiza kwenye rescue bila nenosiri lolote. Wao waliita hilo tundu, wakaliziba. Mimi naliita upole. Mtu aliyesimama mlangoni akafuta mara 28 kitu ambacho hata hajakiandika, yumkini ana shida kubwa kuliko yetu.

Na tuseme jambo la mafundi. Fundi wa haraka akiiona skrini ile hutikisa kichwa, akasema hard disk imekwenda, tufomati. Mteja anakubali huku picha za harusi zikiwa salama salimini kwenye patisheni ambayo haikuguswa na mtu. Fundi mwenye subira anachomeka flashi yenye Linux, anapachika patisheni kwenye /mnt, anaunganisha /dev, /proc na /sys, anaingia kwa chroot, kisha anaandika grub-install /dev/sda na update-grub. Sda, si sda1. Hiyo 1 ya mwisho imewaliza wengi. Kazi nzima inaisha kabla soda haijapoa vizuri kwenye friji. Bei ya mafundi hawa wawili mara nyingi ni ileile, na wa kwanza ndiye anayeonekana amefanya kazi, kwa sababu kompyuta yake inarudi ikiwa nyeupe na tupu.

Kwa hiyo yule anayetukanwa kwamba ameua kompyuta ndiye pekee ambaye hakugusa chochote. Alisimama kabla ya nenosiri lako, kabla ya barua zako, kabla ya ile tasnifu isiyokuwa na nakala. Ukiniuliza ni msiba gani wa kompyuta nichaguliwe, nitauomba huu bila kusita: unatisha kuliko yote, na haujala kitu.

Inasikitisha kwamba tunamfukuza. Kwenye mashine mpya zenye UEFI, mrithi wa BIOS, hata ule uwazi wa hifadhi ya barabara ameuacha, kapewa patisheni yake halali na anwani iliyosajiliwa, EFI, pamoja na wapangaji wengine. Amepata hati, amepoteza makali. Tangu toleo la 2.06, la mwaka 2021, hatafuti tena Windows mpaka umruhusu kwa maandishi, GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, na watu wanakimbilia kwa mafundi wakidhani Windows yao imefutwa. Ubuntu, ikiwa peke yake kwenye mashine, inamficha kabisa: humwoni mpaka ushikilie Shift, au Esc kwenye UEFI, kwa wakati wake hasa. Ukiwahi hupati, ukichelewa umeachwa.

Nyumbani kwangu nimekataa dhuluma hiyo. Nimefungua /etc/default/grub, nikaandika GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu na GRUB_TIMEOUT=10, nikaendesha update-grub. Sasa kila asubuhi anajitokeza hadharani kwa sekunde zake kumi. Wanaoitumia kompyuta ile wamenung'unika. Nimewajibu kwamba Enter ipo. Binti yangu akauliza kwa nini nisiweke 0 kama watu wengine. Nikavuta kiti nianzie kwa LILO, na herufi ya kwanza haijakaa sawa mdomoni, mtoto akakumbuka kwamba ana vyombo vya kuosha.