Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Jiji la Bujumbura: Ombi la Kiti cha Bido katika Baraza

Swali la mshauri wa komini mjini Bujumbura hupita hatua zinazojulikana. Kwanza huulizwa. Kisha hupongezwa: swali zuri sana, linaonyesha jinsi mheshimiwa mshauri anavyowajali watu wake. Baada ya hapo huingizwa katika mradi, mradi nao huingizwa katika upembuzi, na upembuzi huwa haumaliziki kabla ya muhula wa aliyeuliza. Utaratibu huu unakwenda vizuri na barua hii haina nia ya kuuvuruga. Inaomba tu, kwa heshima zote zinazostahili, uongezewe mjumbe mmoja aliyesahaulika.

Swali linalorudi kuliko yote ni la maji. Mji umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, mita 1,470 kwenda chini, lenye kadiri ya asilimia 17 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani, barafu ikiwekwa kando. Maji ya kunywa huvutwa humo kwa pampu, na pampu huenda kwa umeme. Umeme ukikatika pampu husimama. Ukirudi, mabomba ya bondeni hujaa kwanza, na ya mlimani hungoja maji yabakie. Mji wenyewe umekuwa ukipanda milima na kutanuka kila upande. Sensa ya 2008 ilikuta watu 497,166. Mabomba hayakuhesabiwa siku hiyo, na yaelekea yalichukulia jambo hilo kuwa ruhusa ya kutokua. Ndiyo maana katika katie, yaani mitaa, za juu robine ikifunguliwa hukoroma, ikatema hewa, ikatoa tone moja la rangi ya chai, kisha ikanyamaza. Kule chini, kwa mfano Kibenga na hata Gatumba nje ya mji, huduma ilizidi matarajio: mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia sebuleni lenyewe, bila bomba na bila faktire.

Mshauri akiuliza habari hiyo, hujibiwa kwamba maji ni kazi ya REGIDESO, shirika la maji na umeme. REGIDESO iko chini ya wizara. Wizara ina mpango mzuri, ila mpango unamngoja mfadhili, na mfadhili anangoja upembuzi. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja katika msafara huo, na hilo ndilo linalochosha zaidi. Mshauri huchaguliwa na watu wa komini yake kwa miaka mitano, nao hukutana naye kila asubuhi akinunua mkate. Mea wa jiji, alipokuwapo, aliteuliwa kwa dekrea ya Rais. Mmoja alijibu akitazama chini, mwingine akitazama juu, na ni vigumu watu wa namna hiyo kuonana macho.

Mageuzi hayakukosekana. Mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi iliunganishwa ikawa 5, komini 119 zikawa 42, na jiji likatiwa ndani ya mkoa mpana wa Bujumbura wenye gavana wake. Mipaka ilihama. Mabomba yalibaki pale pale. Faida iliyopatikana ni kwamba maswali yaliyoulizwa kwa uongozi wa zamani hayadaiwi tena kwa uongozi mpya, ambao ndiyo kwanza unafungua mafaili.

Kwa hiyo inaombwa kwamba bido, dumu lile la kutekea maji, lipewe kiti katika baraza.

Bido linalopendekezwa ni la manjano, la lita 20, lililoanza maisha kama chombo cha mafuta ya kupikia. Mfuniko wake ulipotea zamani, na mahali pake pana kiazi kilichochongwa kikakaa sawasawa. Mpini umezungushiwa kitambaa ili usikate vidole. Ubavuni lina alama iliyochorwa kwa msumari wa moto, ambayo kila mtu wa mstarini anaitambua, na karibu na kitako lina kovu la plastiki iliyoyeyushwa kuziba ufa. Kovu hilo lihesabiwe kuwa uzoefu wa kazi. Bido limekaa kwenye mistari ya maji ya Gihosha, Musaga na Kanyosha tangu kabla ya adhana ya alfajiri, likimwakilisha mwenyewe aliyerudi kujilaza kidogo, na hakuna aliyethubutu kulipita. Halijawahi kutoa udhuru wala kutuma mwakilishi, na halijawahi kuondoka kikaoni kwa sababu ya kikao kingine muhimu zaidi.

Itifaki yake si ngumu. Likae safu ya mbele, mkabala na chupa za maji ya dukani zinazopangwa mezani kwa viongozi. Siku ya kiapo, kwa kuwa halina mkono wa kuume, linyanyuliwe kwa mpini. Lisipewe kura, maana linaweza kupiga vibaya. Kazi yake iwe moja: kila jibu linapotolewa kuhusu huduma za jiji, karani aligonge mara moja kwa kifundo cha kidole na kuandika katika kumbukumbu sauti aliyoisikia. Likilia tupu, jibu lirudiwe kikao kijacho. Ajenda ya maji isifungwe hadi lijae, na lijazwe kwa robine ya ukumbi wenyewe, si kwa ndoo iliyofichwa nyuma ya pazia. Posho yake ni lita 20 kwa kikao. Likiugua, yaani likitoboka, litashikiwa nafasi na bido la lita 10, na hilo na la lita 5, ambayo ni saizi ya wanafunzi wa darasa la kwanza.

Suala la usafiri linahitaji uangalifu. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji. Mjumbe huyu hana gari, na basi likipatikana, maana mafuta nayo yana upembuzi wake, kondakta hakubali mizigo ya maji. Atashushwa pembeni mwa mji, na safari iliyobaki ataimaliza juu ya kichwa cha mtu.

Kichwa hicho huwa cha mwanamke, na mara nyingi mno cha msichana anayetakiwa kuwa darasani. Kilo 20 juu ya shingo ya mtoto hazina upembuzi. Mji unaolala ubavuni mwa ziwa kama lile, ukamwamsha mtoto saa tisa usiku akatafute maji gizani, umeshindwa kazi ya kwanza ya mji, na walioshindwa wana majina, viti na madereva. Uongozi uwie radhi kwa sentensi hiyo. Itafutwa siku mradi utakapokamilika.

Maombi mengine ni madogo. Magari ya taka yapewe mafuta, au taka zipewe miguu. Mto Ntahangwa, unaokula kingo zake pamoja na nyumba zilizo juu yake, uandikiwe barua ya kuombwa usubiri wataalamu. Soko kuu, lililoungua tarehe 27 Januari 2013 na ambalo miaka kumi baadaye lilikuwa bado gofu, liandikwe katika orodha ya maeneo ya kihistoria ili swali lake lihamie wizara nyingine.

Kuhusu mitaro, desturi ni kwamba anayeuliza hukaribishwa Jumamosi asubuhi kwenye kazi za jamii aje na jembe lake. Wakazi huzibua, tope hupangwa kandoni, mvua ya kwanza hulirudisha ndani, na kodi ya komini hulipwa kama kawaida. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua iliua zaidi ya watu 60 kaskazini mwa mji, Kamenge, Kinama na Buterere. Maswali ya mitaro yaliyofuata yalipongezwa. Mpango wa taifa unasema Burundi itakuwa nchi inayoinukia ifikapo 2040 na nchi iliyoendelea ifikapo 2060, na bido lililozibwa vizuri linaweza kufika miaka yote miwili. Hao zaidi ya 60 hawatafika.

Serikali imejitangaza kuwa Reta Mvyeyi, Reta Nkozi, mzazi na mchapakazi. Ni stahili ya mzazi kusikia bido likigongwa nyumbani mwake, kwa hiyo ombi la kiti linatarajiwa kupokelewa kwa furaha, kusifiwa kuwa ni zuri sana, na kuundiwa kamati. Nakala zimepelekwa REGIDESO kwa taarifa, wizarani kwa taarifa, na kwa mfadhili kwa uamuzi.