Kula Hela Yetu Kiwengwa

Hoteli ya nyota tatu haina ubaya wa kwenda nao mahakamani wala uzuri wa kwenda nao ofisini kuwasimulia wenzako. Shuka ni safi, rimoti ya kiyoyozi ina betri moja, na picha ya kwenye tangazo ilipigwa na mtu aliyejua asimame wapi jenereta lisionekane. Ya kwetu ilikuwa Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, na tuliipata kwa bei ya mwenyeji, kila kitu ndani: chai, chakula, vinywaji, vitafunio vya saa kumi, bwawa. Pale mapokezi kila mmoja wetu alifungwa bangili ya plastiki ya kijani. Mke wangu, mhasibu kwa kazi na kwa damu, akatoa tamko hapohapo: hela imeshalipwa, sasa iliwe.

Tulikuwa tumetoka Dodoma kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari zake mwaka 2024, kisha boti ya kuvukia kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa sisi wawili, watoto wetu wawili na mama mkwe, ambaye amelima mtama na karanga tangu usichana na hakuwa ameiona bahari ila kwenye kalenda ya benki.

Basi asubuhi tulimpeleka ufukweni akaione kwa karibu, na bahari haikuwepo. Kulikuwa na mchanga, kisha madimbwi, kisha majani, na mbali kabisa kwenye mwamba wa matumbawe mstari mweupe wa mawimbi yaliyokuwa yanavunjika bila kutuhitaji. Mama mkwe alitazama kwa heshima, kisha akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini kama na hii tumeilipia.

Ilikuwa bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa na kujaa kuliko siku nyingine, na kwa pwani hii yenye kina kifupi kupwa kunamaanisha bahari kuhama kijiji. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, mtu akiwa ameshiba chai na ameshavaa nguo za kuogelea, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Na saa kumi, msomaji atakumbuka, ni saa ya vitafunio. Familia yangu ikagawanyika. Watoto walitaka maji, mama yao alitaka maandazi yaliyokwishalipiwa. Suluhu ikapatikana kwa mimi kukimbia kutoka ufukweni hadi mezani na kurudi na sahani, nikiwa nimekodolewa macho na Waitaliano waliolala kwenye vitanda vya jua tangu alfajiri.

Chakula nacho kilikuwa na wadai wengine. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Wajukuu zao wamepanda cheo, siku hizi wanakula bafe. Hoteli ilikuwa imemwajiri kijana mwenye manati kuwafukuza, na kunguru walimfahamu vizuri sana. Alipokwenda upande wa matunda wao walikuja upande wa mayai. Mke wangu alinyang'anywa chapati ikiwa njiani kuelekea mdomoni. Alisimama akadai kwamba yule ndege hana bangili.

Mimi shida yangu ilikuwa bwawa. Kwa malezi niliyopewa, mkwe haonekani mbele ya mama mkwe akiwa na kaptura, sembuse kile kijinguo cha kuogelea nilichonunuliwa Kariakoo. Niliingia na suruali. Mlinzi wa bwawa akapiga filimbi, akaniambia, "Kaka, suruali hairuhusiwi." Nilijaribu kumweleza habari ya mama mkwe, naye alinielewa kabisa, akasema hata kwao Makunduchi ni hivyohivyo, lakini suruali hairuhusiwi. Likizo yote nikalinda viatu.

Usiku umeme ulikatika. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kwa hiyo tulikuwa tumesafiri treni na boti ili tukatikiwe na umeme uleule unaotukatikia nyumbani. Jenereta, ambalo dirisha letu lilitazamana nalo, likawaka. Timu ya burudani ikaendelea na Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa uliotoka mwaka 1982, ambao hoteli za pwani hazijapata sababu ya kuupumzisha tangu hapo.

Aliyefaidi ni mama mkwe peke yake. Maji yalipopwa aliwaona akina mama wakitembea kule ndani na kamba na vigingi, akauliza wanalima nini. Ni mwani, zao lililoanza kulimwa pwani hii mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Alijifunga kanga akawafuata. Tulimwona kwa mbali ameinama, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, anabishana nao juu ya nafasi kati ya mche na mche. Aliporudi, amelowa hadi kiunoni, mlinzi wa ufukweni alimzuia: "Shikamoo bibi. Wafanyakazi hupitia mlango wa nyuma." Mama mkwe hakujibu salamu. Aliinua tu mkono wenye bangili, akapita, akaenda moja kwa moja kwenye juisi ya ukwaju.

Kesho yake alirudi shambani tena. Mke wangu alilalamika kwamba tumemlipia mama apumzike, na hizo ni hela zinazopotea baharini. Mama mkwe akasema kwamba bei wanayolipwa wale wanawake kwa kilo ni ndogo mno, na mhasibu aliyesomeshwa kwa karanga angewafanyia hesabu badala ya kuhesabu maandazi. Jioni ile hatukuhesabu kitu.

Ukitaka kuwapeleka watu wako pwani ya mashariki, bei ya mwenyeji mara nyingi haitangazwi. Itaje wewe kwanza. Na kabla hujalipa tazama mwezi. Ukifika mwezi ukiwa nusu, maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, na vitafunio vya saa kumi utavila umekaa.