Shikamoo, Uzoefu wa Nchini

Nchi hii hatuna uchoyo wa sifa. Tunawasifu wabunge, tunazisifu Simba na Yanga, na wapo wanaoishi kwa kusifu, tunawaita chawa. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisimama kumsifu Uzoefu wa Nchini, na kwa jinsi mzee huyu anavyochapa kazi, huo ni utovu wa adabu. Leo nitakuwa chawa wake, tena wa kujitolea.

Mimi ni mkazi wa Iyunga, Mbeya, jirani wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza 1986 kikiwa chuo cha ufundi tu. Vijana wa kompyuta wanahitimu hapa kila mwaka. Wengi wanabaki, wengine wanashuka Dar, na wachache wanapata njia ya kwenda mbali: mmoja kamfuata mkewe Toronto, mwingine kapata masomo Ujerumani akaamua asirudi. Huko wanapokelewa na mzee huyu. Ndugu aliyeahidi kuja uwanjani anaweza kukwama kwenye foleni, mzee hakosi. Anampokea Mnyakyusa, Mhindi na Mbrazili kwa swali lile lile: "Hapa kwetu umeshafanya kazi wapi?" Ukimjibu kwamba ndiyo kwanza umeshuka, anatabasamu kwa upole na kukueleza kwamba ukishapata kazi urudi, naye atakupa kazi.

Siku moja nilikuwa steshenari ya karibu na chuo nikisubiri kutoa kopi. Kijana mmoja alikuwa anaisafisha CV yake ili iende Canada, na dada wa steshenari alikuwa anamsaidia kufuta. Ilianza na kurasa nne. Ikatoka picha ya pasipoti saizi yenye mandhari ya bluu, maana huko picha hazitakiwi. Ikatoka tarehe ya kuzaliwa, ikafuata dini, ikafuata hali ya ndoa. Wakaondoka wadhamini watatu na masanduku yao ya posta, mmoja wao mchungaji. Ikaondoka ile sentensi ya mwisho ya kuapa kwamba yote yaliyoandikwa humu ni kweli. Dada, ambaye hulipwa kwa ukurasa, alikuwa anayatazama mapato yake yakinyauka. Ukabaki ukurasa mmoja na nusu wa kazi tupu: miaka mitatu ya kuunganisha mfumo wa SACCOS ya wakulima na mitandao ya simu, kuandika menyu za kubonyeza nyota na reli kwa wenye simu za kitochi, na kuhakikisha umeme ukikatika katikati ya muamala mkulima wa Uyole hakatwi pesa mara mbili.

Kisha akafungua fomu ya maombi. Kisanduku kimoja kiliuliza miaka ya uzoefu ndani ya Canada. Akaandika 3, akaitazama, akaifuta, akaandika 0. Fomu ikamshukuru.

Hapo ndipo unapoona umahiri wa mzee katika hesabu. Kwake 3 ikivuka bahari inakuwa 0. Lakini 1 ya Toronto ikirudi Mbeya inakuwa 10, na mwenye nayo anaitwa mtaalamu kutoka nje, anakalishwa meza kuu na kuombwa aseme neno. Maprofesa wetu wote wa hisabati hawajawahi kuthubutu jambo la namna hiyo.

Tena mbaya zaidi, samahani, bora zaidi, ni kwamba hatazami kabisa kazi yenyewe ilikuwa nini. Hapa Tanzania, Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana tangu 2014 wateja wao watumiane pesa moja kwa moja. Leo Benki Kuu ina TIPS, mfumo unaopitisha malipo ya papo kwa papo kati ya benki na mitandao ya simu. Canada nayo inajenga mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo, unaoitwa Real-Time Rail, na uzinduzi wake umekuwa ukiahirishwa kwa miaka. Mtu mwenye pupa angedhani vijana waliokulia ndani ya kazi hiyo wangeitwa mbio. Mzee anatutuliza. Anatukumbusha kwamba malipo ya Kyela yana tabia za Kyela, na kwamba dola ya Canada ni dhaifu wa afya, haifai kushikwa na mkono uliowahi kushika shilingi.

Ninachomlaumu ni kimoja tu: alichelewa kufika kwetu. Stesheni ya TAZARA ya Mbeya iko upande wetu huu wa jiji, kando ya barabara ya Zambia. Kati ya 1970 na 1975 walikuja maelfu ya Wachina ambao hawajawahi kufanya kazi Tanzania hata siku moja, wakishirikiana na vijana wetu kujenga reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Walitoboa mahandaki na kutundika madaraja kati ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo hata mbuzi anafikiri kwanza. Fikiria mzee angekuwapo, amekaa na daftari lake. "Ndugu, handaki la mwisho kutoboa hapa Tanzania lilikuwa lipi? Mdhamini wako wa Mlimba ni nani?" Wangerudi kwao siku ile ile, na sisi tungekuwa salama, tukiendelea kusubiri mjenga reli mwenye uzoefu wa reli ambayo haijajengwa.

Asili ya mzee nayo si ya kubahatisha. Mwaka 1967 Canada ilianza kuwapima wahamiaji kwa pointi: elimu, umri, lugha, ujuzi wa kazi. Tangu 2015 maombi ya watu wenye ujuzi yanapita katika mfumo wa Express Entry, na miaka uliyofanya kazi nje ya Canada inaweza kukuongezea pointi. Kwa hiyo serikali inakuita kwa ajili ya uzoefu wako, na mwajiri anakukataa kwa ajili ya uzoefu huo huo. Mzee amekaa katikati ya ofisi hizo mbili, haajiriwi na hata moja, na bila yeye hakuna faili linalopita. Matunda yake yanaonekana barabarani. Mwaka 2012 idara ya uhamiaji ya Canada ilichapisha uchunguzi kuhusu madereva wa teksi, na humo walipatikana zaidi ya 200 wenye shahada ya uzamivu au waliosomea utabibu, wengi wao wahamiaji. Ni nchi gani nyingine abiria anaweza kueleza maumivu ya mgongo kati ya taa nyekundu na taa ya kijani, akajibiwa kitaalamu, na bado akalipa nauli ya kawaida?

Wajerumani wamemkosea heshima. Tangu Novemba 2023 mtu wa kompyuta asiye na shahada anaweza kuomba Blue Card kwa uzoefu wa miaka mitatu, uwe wa Mbeya au wa Munich, mradi awe na ofa ya kazi yenye mshahara unaofika kiwango. Ni kumdhalilisha mzee hadharani. Bahati nzuri waajiri wengi wa huko bado wanamnusuru kwa kuuliza Kijerumani.

Ana binamu yake pia, Mtihani wa Ubaoni, ambaye hutumwa pale mzee anapozidiwa. Huyu anajulikana zaidi kwa kazi aliyofanya 2015. Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ambayo wahandisi wengi wanaotumia kompyuta za Apple wanaitegemea kila siku, alikwenda kuomba kazi Google. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikwama kwenye fumbo la kugeuza mti wa data ubaoni, akarudishwa nyumbani. Kama Mwingereza mwenye kazi inayotumika dunia nzima alirudishwa, kijana wa Iyunga anayefanyiwa usaili kwa video saa nne usiku, kwa sababu Toronto ni saa nane mchana, huku akiangalia bando linavyopungua na kusali LUKU isiishe, ana sababu gani ya kulalamika?

Sehemu moja tu mzee hana kiti, nayo ni kwenye programu huria. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki alipoanza Linux 1991. Hakuulizwa aliwahi kutengeneza mifumo mingapi ya kompyuta nchini Finland. Leo ukituma marekebisho ya msimbo wa programu kwenye mradi wa namna hiyo, anayeyapokea anatazama kama yanafanya kazi na kama yameandikwa vizuri. Pasipoti hatazami, mara nyingi hata hajui wewe ni mtu wa bara gani. Nawaonya vijana wakae mbali na mahali hapo. Nimesikia wapo waliopata kazi kwa njia hiyo, mwajiri akiwa ameusoma msimbo wao kabla ya kusoma anwani, na mzee akakosa hata nafasi ya kusalimia.

Sasa tusijifanye mzee huyu ni wa Wazungu peke yao. Nyumba ndogo anayo hapa hapa. Soma tangazo lolote la kazi ya kompyuta ukutani au kwenye simu yako: "awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu." Kijana aliyemaliza chuo juzi, ambaye uzoefu wake wote ni wiki chache za fildi alizozimaliza akitengeneza printa na kuwachemshia chai wakubwa, anasoma, anakunja simu, anarudi geto. Na mgeni akija kwetu tunamfanyia vile vile tunavyofanyiwa. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba ametafuta Mtanzania kwanza akamkosa. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara, uwakala wa pesa kwa simu na ufundi wa simu zikiwemo, na majirani zetu Wakenya walipiga kelele. Nchi kulinda ajira za watu wake ni jambo la haki, silibezi. Lakini anayeshangilia marufuku ile asubuhi, kisha jioni akalia kwamba Toronto wamemnyima kazi kwa sababu ya alikotoka, awe na soni kidogo.

Kwa bahati mbaya mzee wetu ameanza kuandamwa. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario, jimbo lenye Toronto, ilitoa mwongozo unaosema kwamba kudai uzoefu wa Canada, kwa mtazamo wa kwanza, ni ubaguzi. Machi 2024 bunge la jimbo hilo likapitisha sheria, na tangu 1 Januari 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuliweka sharti hilo kwenye tangazo la kazi linalotolewa kwa umma wala kwenye fomu ya maombi inayoambatana nalo. Anatakiwa pia aseme kama anatumia akili mnemba kuwachuja waombaji. Watu wasiomjua mzee wakadhani amekufa. Amehama tu. Ametoka kwenye tangazo, amehamia kwenye usaili, na siku hizi anajiita "kuendana na timu yetu". Sheria inaweza kufuta mstari kwenye karatasi; kumtoa mzee kifuani mwa meneja ni kazi nyingine.

Hata hivyo mstari ukifutika, mwombaji anapata angalau nafasi ya kufika mlangoni. Kijana unayeomba kazi Ontario, ukiuona mstari huo kwenye tangazo jipya, omba kazi hiyo na ulalamike kwenye Wizara ya Kazi ya jimbo hilo siku hiyo hiyo; ni haki yako. Nawe mwajiri wa Mbeya unayetafuta mtu wa kukutengenezea mfumo wa duka, hospitali au SACCOS, tafadhali mpe kijana kazi ndogo ya wiki moja yenye malipo, uitazame, ndipo uamue. Ule mstari wa miaka mitatu uufute kabla tangazo halijakwenda kupigwa kopi.